Kikombe Kwenye Msumari

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pokea na nyingine mbili za kufidia kimya changu. Huku hatujambo, mimi na Mwalimu, ila paa la jikoni linavuja na paka wa jirani amehamia kwetu bila kuwaaga wenyewe. Kikohozi chako kimeisha? Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako inatangaza. Mara ya mwisho nilipokuuliza habari ya kikohozi, aliyenijibu ni jirani yako wa upande wa pili wa ukuta, na akanitajia na dawa. Barua hii nampa dereva wa lori la unga. Ameapa kukufikishia mkononi.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimepata kazi! Kazi hasa, siyo ya leo ipo kesho haipo. Mimi ni dobi wa hospitali. Kuna mashine za kufulia kubwa kama chumba changu cha zamani hapo kwako, na mashuka yanakuja kwa matoroli, mlima baada ya mlima. Msimamizi wetu wanamwita Mama Pasi. Ana sauti ya kuzima mashine. Siku ya kwanza alinipa viatu vya mpira, aproni, glavu za kufika kwenye viwiko, na sindano ya begani, hata sijaonyeshwa mlango wa kuingilia! Nikamwuliza ya nini. Akasema, "Ya kazi. Nyamaza, vua shati."

Wiki iliyofuata watu wa benki ya damu wakaweka vitanda uani. Nilikuwa na furaha mpaka nikawa nashindwa kutembea polepole, nikaona na mimi nitoe kitu. Muuguzi akaniuliza maswali, umewahi kuugua hiki, umefanyiwa kile, umechanjwa karibuni, mimi hapana, hapana, hapana, kama askari kwenye gwaride. Nikatoa. Nikapewa soda na biskuti. Nikamwomba biskuti nyingine ya mke wangu Mwalimu, maana anakula kwa ajili ya wawili.

Ndiyo, Shangazi. Umesoma vizuri. Wawili. Mwezi wa nane.

Sasa sikiliza ninachotaka, na sitaki kitu kingine duniani. Baba na mama hawapo. Mume wako Fundi hayupo. Aliyebaki upande wangu ni wewe. Nataka uje, na mtoto akitoka kwa mkunga, mikono ya kwanza ya ukoo wetu kumshika iwe yako. Usinijibu habari za kuku.

Wako,
Kibiriti


20 Machi

Kibiriti wangu,

Marahaba, na zile mbili pia nimezipokea. Kikohozi kimekwisha. Jirani anakusalimu, na anauliza kama ile dawa aliitaja vizuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, kwa sababu ulipoandika nikae ndipo niliposimama. Kazi! Na mtoto! Nilitoka nje, nikakosa mtu wa kumwambia, nikawaambia kuku. Halafu nikaingia ndani nikaenda mpaka kwenye ukuta wa chumba chako. Zile alama za penseli ambazo marehemu mume wangu alikuwa anakupimia kimo bado zipo. Alikuwa anakulazia kitabu kichwani, anasema, "Simama sawa, Kibiriti, usinidanganye kwa visigino." Yeye ndiye aliyekupa jina hilo, kwa kuwaka upesi. Angekuwa hai leo angeshaanza kupiga randa mbao za kitanda cha mtoto, na maranda yangekuwa mpaka kwenye chai.

Mwambie Mwalimu asibebe ndoo. Ale. Akilala mchana usimsemeshe.

Kuhusu kuja, tutaona, mwanangu. Unajua muhula ukianza sare za shule zinaniandama. Paa nalo linataka kutazamwa. Na kuku umenikataza kuwataja, kwa hiyo siwataji. Na mikono yangu hii imejaa mafuta ya cherehani, haifai kumshika mtoto mchanga. Huko kuna wanawake wengi wa upande wa Mwalimu wenye mikono safi.

Nimefurahi mno. Usidhani sijafurahi.

Shangazi yako


12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Mwalimu tumbo limeanza kuonekana, na watoto wa darasa lake la chekechea wamemwambia amekula mpira. Paka naye ana mimba. Nyumba nzima ina mimba isipokuwa mimi.

Nimeitwa na watu wa damu.

Nilidhani wananiita kunishukuru. Nikavaa shati la harusi. Nikaingizwa kwenye chumba kidogo chenye viti viwili na kalenda, na muuguzi mmoja mpole sana, na upole wake ndio ulionitisha. Akasema damu yote inayotolewa hupimwa, na yangu imeonyesha alama ya homa ya ini, aina ya B. Nikamwambia hiyo si damu yangu, mimi nabeba magunia ya mashuka. Akasema, "Wengi wenye virusi hivi hawaumwi popote. Lakini kipimo hiki ni cha kuchuja tu. Hakitoshi kukuambia kama unao kweli, au unao tangu lini. Rudi baada ya wiki mbili tukupime kikamilifu." Alieleza na mengine, nikayaona yanapita juu ya kichwa changu kama ndege. Nilikuwa naangalia kalenda.

Mwalimu alikwisha kupimwa kliniki ya wajawazito, yeye ni mzima. Nimemwambia siku hiyo hiyo. Alinisogezea sahani, akasema, "Sasa utakula au hutakula?"

Muuguzi aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua ini. Shangazi, nikamkumbuka Fundi. Macho yake ya manjano, na lile tumbo. Mtaani walisema pombe, na Fundi hakuwahi kunywa. Wakasema kijicho cha mafundi wenzake. Nilikuwa na miaka kumi na moja, hakuna aliyenieleza kitu. Ilikuwa nini? Wewe daktari alikuambia nini?

Nijibu upesi. Moyo unanienda kama mashine ya kukamulia nguo.

Kibiriti


15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Lori la unga liliharibika gia, kwa hiyo barua yako imenifikia imechelewa na ina alama ya grisi. Mvua zimenyesha. Kuku mmoja ameatamia nyuma ya pipa, nikamwachia. Paa bado linadondosha.

Nimesoma uliyoandika. Fuata wanayokuambia watu wa hospitali.

Naona ni vizuri nikwambie mapema kwamba mwezi wa nane sitakuja. Wala usimlete mtoto hapa. Nisamehe, ndivyo itakavyokuwa.

Nimempa dereva kifurushi. Kuna kitambaa cheupe cha pamba, laini, nilikuwa nimekiweka miaka mingi. Kinatosha magauni manne ya mtoto. Sijakikata. Mtafute fundi wa huko awashonee.

Shangazi yako


26 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Kitambaa kimefika. Mwalimu amekilalia shavu. Lakini mimi nimekaa nacho mapajani nikasema, huyu ameshona sare za wilaya nzima, ameshona suruali zangu zote tangu nikiwa najifunza kutembea, leo mtoto wangu nimtafutie fundi? Basi, nikajijibu mwenyewe. Shangazi ananiogopa. Amesikia nina ugonjwa, hataki hata nywele yangu iingie mlangoni kwake. Niliandika hivyo kwenye karatasi nyingine, kwa maneno makali. Usiisubiri, nimeichana.

Nimeichana kwa sababu ya kikombe. Tulia nikusimulie.

Nilipotoka kwa wale wa damu nilinunua kikombe changu mwenyewe. Nikakitia tone la rangi ya kucha chini yake ili kisichanganyike na vingine. Sahani pia, na kijiko. Nikawa nalala ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Na zile wiki mbili zikapita sikurudi kupimwa, Shangazi, nilikuwa naogopa, nazunguka nyuma ya jengo ili nisipite mlango wao. Jumamosi Mwalimu anaosha vyombo akaligeuza lile tone juu.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Na changu ni kipi?"

"Vingine vyote."

Akakitazama. Akamimina chai ndani yake, akanywa yote, polepole, ananiangalia. Akakiweka mezani akasema, "Haya. Sasa tugombane."

Sikugombana. Nilikuwa nimesimama pale jikoni nakiona kikombe kingine kabisa. Cha bati, cha buluu, kimemeguka ukingoni, kinaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa nyuma. Chako. Kabla Fundi hajafa ulikuwa unaonja chai yangu kwanza kuona kama ni ya moto. Baada ya mazishi kikombe kikapanda kwenye msumari, na tangu siku hiyo sijawahi kukuona ukinywea kingine wala ukimpa mtu hicho. Ulikuwa unanikata kucha, ukaacha. Jirani alipozaa mapacha ukawatazama kutoka mlangoni, ukasema mikono ina mafuta ya cherehani. Siku ya harusi yangu ulikula wa mwisho, peke yako. Nikadhani ni huzuni. Watu wote tukadhani ni huzuni.

Na sindano humchoma mshonaji kidoleni. Ndiyo maana hukukikata kile kitambaa.

Shangazi, siyo kwamba unaniogopa. Unadhani umeniambukiza wewe.

Sitaki unijibu hilo. Nataka usome hili. Jumatatu Mwalimu alinishika mkono kama mwanafunzi mtoro akanipeleka kwa yule muuguzi. Nikamwuliza mambo ya kikombe. Hakunicheka, ingawa midomo ilimtetemeka. Akasema homa ya ini B haipiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kijiko. Haipiti kwa kushikana mikono, kukumbatiana, kubeba mtoto, kulala chumba kimoja. Inapita kwenye damu, kwenye wembe au mswaki wa kuchangia, kwa kujamiiana, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Na watoto wanaozaliwa siku hizi huchanjwa mapema. Nikamwambia arudie habari ya kubeba mtoto. Akarudia. Nikamwambia tena. Mwalimu akasema, "Amesikia, dada, anataka tu kukusikia."

Wamenitoa damu ya vipimo kamili. Majibu bado. Lakini hata yakija mabaya, kikombe chenye tone kimerudi rafuni na vingine.

Nenda kapimwe, Shangazi. Tafadhali.

Kibiriti


14 Juni

SHANGAZI!

Shikamoo! Hujanijibu, nami siwezi kungoja, dereva anapiga honi nje, nitaandika hivi hivi. Hatujambo, paka amezaa watano, haya, tumemaliza habari za nyumbani.

Sina! Sina homa ya ini! Sikuwahi kuwa nayo!

Sikiliza ilivyokuwa, utacheka mpaka jirani aje kuuliza. Juzi tuko kazini, Mama Pasi akasimama katikati ya mashine akapaza sauti, "Madobi! Chanjo imefika! Sindano ya pili, panga mstari!" Wote wakapanga. Mimi nikabaki na toroli langu. Akanijia.

"Wewe, miguu imeota mizizi?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Chanjo ya nini, mama?"

"Ya homa ya ini. Mashuka ya hospitali yana sindano zilizosahaulika humo, unataka zikuchome bure?"

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia mimi aniruke, nimekwisha kuugua, benki ya damu wameniona nayo. Akakunja uso. "Wamekuona nayo lini?" Nikamwambia ile siku ya vitanda uani. "Na sindano ya kwanza ulichomwa lini?" Nikamwambia mimi sijawahi kuchomwa sindano ya kwanza.

Shangazi, alicheka akashika mashine. "Hukuchomwa! Wewe? Si ulifumba macho ukamwita shangazi yako! Madobi wote mashahidi!"

Ile sindano ya kazi! Mimi nilijua ni sehemu ya kuajiriwa, kama viatu vya mpira! Muuguzi wa damu aliponiuliza kama nimechanjwa nikasema hapana kwa kifua mbele, na bega bado lilikuwa linaniuma!

Mama Pasi akanishika kola mpaka benki ya damu, mimi na aproni yangu iliyolowa. Yule muuguzi akasikiliza, akaweka kalamu chini. Akasema chanjo hii imetengenezwa kwa kipande cha ganda la kirusi, kisichoweza kumwambukiza mtu. Ukitoa damu siku chache tu baada ya kuchomwa, kipande hicho kinaweza kuonekana kwenye kipimo kana kwamba una ugonjwa. Baada ya wiki chache kinapotea. Akaenda kuchukua majibu yangu, yalikuwa yamefika asubuhi hiyo hiyo. Alama ya kirusi, hakuna. Dalili kwamba mwili umewahi kukutana na ugonjwa wenyewe, hakuna. Kinga ya chanjo ndiyo imeanza kuchipua. Akasema, "Ungerudi baada ya zile wiki mbili, ungelala usingizi miezi hii." Nikainamisha kichwa. Mama Pasi akanichapa kofi la mgongo. Nikachomwa ya pili hapo hapo, na sikumwita mtu.

Kwa hiyo hukuniambukiza. Wewe wala Fundi. Sikuondoka na kitu kutoka nyumba ile isipokuwa suruali na mapenzi.

Lakini nakuona, Shangazi. Utafurahi kwa ajili yangu, utakwenda kuwaambia kuku, halafu utakichukua kile kikombe kwenye msumari na kunywa peke yako. Utasema afadhali nilikaa mbali naye. Usifanye hivyo. Ningekuwa nayo, Mwalimu angenywa kikombe changu vile vile. Kapimwe.

Honi hiyo!

Kibiriti


9 Julai

Mwanangu Kibiriti,

Marahaba, marahaba. Wasalimie Mwalimu, Mama Pasi, na paka mwenye watoto watano. Yule kuku wangu wa nyuma ya pipa naye ametoa vifaranga saba. Jirani hajambo, na ni kweli alikuja kuuliza ninacheka nini.

Barua yako ya kikombe ilikaa chini ya cherehani siku nyingi. Nilikuwa naijua kila neno lakini nikipita pale naangalia pembeni. Umeniona, nami sikuzoea kuonekana. Ile ya pili ilipokuja na herufi zako kubwa, nililia mpaka nikalowanisha kola ya sare ya mtu.

Umeniuliza ilikuwa nini. Ilikuwa hiyo. Daktari aliniambia siku Fundi alipokuwa hawezi tena kuzungumza, tumesimama kwenye ujia. Akasema ini limekwisha, ni homa ya ini ya siku nyingi, na wewe mama upimwe. Nilitoa damu kabla ya mazishi. Jibu sikulifuata. Nilirudi nyumbani, nikaona randa yake juu ya meza na kofia yake, nikasema kama ninao nitaubeba kimya, na kama sina basi yeye amekwenda nao peke yake. Yote mawili sikuyataka. Nikapigilia ule msumari. Nyundo ilikuwa yake.

Wewe ulikuja jioni ile ukaweka kichwa mapajani pangu, nikakuondoa. Nilikwambia nina mafuta ya cherehani. Ulinitazama ukanawa mikono yako wewe.

Basi nimekwenda. Jumanne nilifunga mlango, nikawaachia kuku mahindi, nikaingia zahanati. Muuguzi ni binti mdogo niliyemshonea sare akiwa darasa la kwanza, aliyekuwa anakataa kupimwa mabega. Sasa zamu yake ya kunipima. Akaniambia, "Kaza ngumi, mama, usisogee kama mimi." Majibu yalipelekwa hospitali kubwa, yakachukua siku. Safari hii nilirudi kuyafuata. Nilifika kabla hawajafungua, nikakaa na mfagiaji.

Mwanangu, sikujua mwili wa mtu una siri kiasi hiki. Alinionyesha vitu vitatu. Kirusi chenyewe, hakipo. Alama ya kwamba nilipata ugonjwa kweli, ipo. Na kinga, ipo, imesimama imara. Nikamwambia sema kwa lugha ya mshona sare. Akafikiri, akasema, "Mama, kilikuja, mwili wako ukapigana nacho, ukakishinda. Watu wazima wengi wanaoupata hupona hivyo. Huwezi kumwambukiza mtu." Nikamwuliza tangu lini. Akasema hawezi kujua, pengine hata kabla Fundi hajaanza kuugua. Akaniambia siku nikipewa dawa kali zinazopunguza kinga nimkumbushe daktari habari hii, basi. Nikamwuliza kwa nini Fundi hakushinda. Akasema huenda aliupata utotoni, na ukiingia utotoni mara nyingi hukaa. Nikamshukuru kwa kutosema ni kijicho.

Miaka yote ile, Kibiriti. Nilikuwa mzima. Nimewatazama mapacha wa jirani wakikua kutoka mlangoni.

Nilipofika nyumbani jirani alikuwa anaanua nguo, amembeba mjukuu kwa mkono mmoja. Nikamwambia nipe huyo. Akasema, "Na mafuta ya cherehani?" Nikamwambia, "Nipe mtoto, mwanamke!" Akanipa. Alikuwa mzito, analowesha. Nilimshika mpaka jirani akamaliza nguo, na mashuka, na akaanza kunitazama kwa wasiwasi.

Nirudishie kitambaa changu. Msimpe fundi yeyote. Mkiwa mmeshampa, mnyang'anyeni.

Shangazi yako


2 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, ni wa kike! Amewahi! Hakungoja tarehe, amewaka upesi, Mwalimu anasema tumejua tabia hiyo kaitoa wapi. Mama mzima, mtoto mzima, mimi nimekaa chini. Amechomwa chanjo yake siku ile ile, ya homa ya ini, akalia ukumbi mzima ukageuka. Mama Pasi alikuwepo, akasema, "Huyu ni wa yule dobi, sihitaji kuambiwa." Mwalimu naye amekwisha kuanza chanjo yake.

Kitambaa nilikutumia na lori lililopita. Umekipata? Kwa sasa amefungwa kwenye shuka la hospitali, nililifua mwenyewe. Mkunga kamshika, sisi tumemshika. Mama mkwe anafika Jumapili na mikono yake safi.

Nimeandika vya kutosha. Njoo.

Kibiriti


9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani hawajambo. Kuku nimemwachia jirani, na simu nimemwachia pia, maana ndiyo anayoipenda.

Kitambaa kilinifikia kabla ya barua yako. Magauni manne yamekwisha, na kofia moja iliyotokana na vipande. Kwenye pindo la gauni la tatu sindano ilinichoma kidole. Nilikitazama kile kidole, nikakifuta, nikafua lile gauni kama mshonaji yeyote angefanya, nikaendelea. Ulikuwa unafunga mdomo ukinisikiliza ninavyoimba nikishona, unakumbuka? Nimeimba tena. Jirani amelalamika.

Msumari wa mlangoni nimeung'oa kwa nyundo ya Fundi. Limebaki tundu, na mwanga unapita hapo asubuhi. Kikombe ninacho humu kwenye kapu. Utaniwekea chai ndani yake, nitaonja kama ni ya moto, halafu utakunywa wewe, na Mwalimu, na mama mkwe akitaka. Mtoto atangoja akue kidogo.

Barua hii naandikia mapajani, kwenye lori la unga, nimekaa mbele na dereva. Ndiyo maana mistari inaruka. Anasema barua zetu amezibeba kwa miezi, leo ndiyo mara ya kwanza kubeba mwandishi. Ananiuliza kwa nini naandika barua ninayoipeleka mwenyewe. Nimemwambia kuna mambo nikikuona usoni nitashindwa kuyasema, nitaanza habari za kuku.

Ni haya. Sikukuondoa mapajani kwa kutokupenda. Ilikuwa kinyume chake, kila siku, mpaka ukawa mkubwa ukaondoka. Sasa nimenawa mikono kwa sabuni mara mbili, nimenusa, haina harufu ya mafuta.

Nitakuwa nimesimama mbele yako nikikupa bahasha hii. Usiifungue. Isome baadaye.

Nipe mtoto kwanza.

Shangazi